Mkate wa Mayai Ulionuka Dagaa

Kitendawili! Pipa langu halina mdomo wala mfuniko, ndani lina maji ya rangi mbili, yanakaa pamoja na hayachanganyiki. Nini hicho?

Fikiri. Usimtazame mwenzio. Umeshindwa? Basi nipe mji. Kigoma sitaki, nimeshapewa mara nyingi mno, na Kasulu ninayo. Nipe Kidahwe, nikae pale kando ya barabara nile mahindi ya kuchoma nikiangalia magari yanavyopandisha. Haya, nimekwenda Kidahwe, nimekula, nimeshiba, nimerudi. Jibu ni yai.

Utasema rahisi. Jina lake ndilo rahisi. Mimi yai nimelichemsha, nimelikaanga, nimelipasulia kwenye uji wa mgonjwa kwa miaka hamsini na kitu, na mwaka huu ndipo nimejua kwamba nilikuwa silijui. Tena nimelijua kwa shida, kwa sababu yai nusura limkoseshe mjukuu wangu mume.

Mjukuu wangu ni Shadia. Anakaa nami hapa Kasingirima, na mchana anatengeneza simu za watu dukani. Alikuwa ameposwa na Abdulatif, kijana mpole wa kule Kibirizi, mtoto wa Bi Hasna anayeuza dagaa. Posa tumeikubali, kilichobaki ni kupanga siku ya nikahi. Lakini katika ukoo wetu siku haipangwi mpaka mama wa mume aje kwetu anywe kahawa na ale mkate wa mayai uliopikwa na binti mwenyewe. Upande wa mume hawaruhusiwi kuleta kitu cha kupikia, hata punje ya iliki. Wakileta, mtihani umevunjika.

Na Bi Hasna alikuwa na shaka zake. Alishasema mbele za watu, "Binti wa simu huyo. Vidole vyake vinajua kioo. Jiko vinalijua?"

Mkate wa mayai hauna pa kuficha kosa. Hauna maziwa wala hamira. Ni mayai, sukari, unga na iliki, basi, na kinachouinua ni pumzi unayoipiga ndani ya mayai. Shadia aliyapiga asubuhi ile mpaka mkono ukamfa ganzi, yakawa meupe, mazito, mwiko ukipita unaacha njia. Akamimina kwenye sufuria, akatia makaa chini, akapalia mengine juu ya mfuniko. Ukaumuka, ukaumuka hasa. Nikasema moyoni, ameshaolewa huyu.

Bi Hasna akaja saa kumi, akaketi mkekani, tukaulizana hali za nyumbani. Nikamsogezea sinia ya mayai ya kuchemsha tuliyonunua sokoni, akaisukuma kidogo kwa adabu.

"Mwenzangu, yai lenyewe siligusi tangu mimba ya kwanza. Mama yangu alinikataza, akasema nitazaa mtoto kipara. Nikazoea hivyo hivyo, sasa hata harufu yake kikaangoni sijui ikoje. Ila mkate wa mayai naula, Bi Ashura, na naujua."

Shadia akakata kipande, akampa kwa mikono miwili. Bi Hasna akatia mdomoni. Akatafuna mara moja. Mara ya pili hakutafuna. Akachukua kikombe cha kahawa, akasukumia, akakiweka kipande kilichobaki ukingoni mwa sahani.

Nikaonja na mimi. Astaghfirullahi. Utamu, iliki, halafu nyuma yake dagaa! Dagaa mkavu kabisa, kama umelamba gunia.

"Mayai haya yametoka wapi?" Bi Hasna akauliza.

Shadia akainamisha kichwa. Nami nikamtazama yeye, maana mayai ya mkate alikuwa amekuja nayo mwenyewe, trei nzima, na sikumuuliza.

"Nauliza kwa sababu msichana asiyejua yai bovu atakuja kumuulia mtu mwanawe," akasema Bi Hasna, akajifunga mtandio. "Ijumaa nitapita tena. Nikijibiwa, tutapanga siku. Nisipojibiwa, barua yetu ya posa mtaturudishia."

Alipoondoka nikamgeukia mjukuu wangu. "Umeyanunua kwa nani?"

"Bibi, usiniulize."

"Nakuuliza."

"Nimeahidi kutosema. Nikisema nitamuaibisha mtu." Na machozi yakawa yanamdondoka juu ya ule mkate, kama kwamba haukuwa na chumvi ya kutosha.

Sikumpiga maswali tena. Mtoto aliyetoa ahadi ukimvunjisha, umevunja kitu kikubwa kuliko trei. Lakini mdomo wangu ukinyamaza kichwa hakinyamazi. Yalibaki mayai manane, matano ya kahawia na matatu meupe. Nikasema, haya, asiposema yeye mtasema ninyi.

Kesho yake nikajaza beseni maji, nikayatumbukiza moja moja. Hili nililijua tangu zamani: yai likizeeka linaelea. Sababu yake nilifundishwa darasa la sita, na ndiyo sayansi pekee niliyobaki nayo. Ganda la yai lina vitundu vingi mno, vidogo jicho halivioni. Maji ya ndani yanatoka kidogo kidogo, hewa inaingia kukaa mahali pake, na lile pengo la hewa lililo upande wa kitako linazidi kukua. Yai changa linalala chini ubavu. La siku nyingi linasimama wima. Likielea, lizike.

Yote manane yalilala chini kama watoto walioshiba.

"Si mabovu!" Shadia akasema. Alikuwa amechuchumaa karibu yangu, na ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu jana yake. "Bibi, si mabovu!"

"Subiri, usishangilie goli la kuotea."

Nikapasua moja la kahawia kwenye sahani. Kiini kimeinuka kama kichuguu, ute umekishika hautaki kutambaa. Yai la siku mbili tatu hilo. Nikainama nikanusa. Dagaa. Nikapasua jeupe, nikanusa, nikanusa tena, nikamwita Shadia naye anuse. Halikuwa na kitu. Kahawia jingine: dagaa. Jeupe jingine: safi.

"Yote yametoka banda moja?" nikamuuliza.

"Banda moja, chakula kimoja," akajibu, halafu akauma mdomo kwa kuona ameteleza.

Sasa hapo ndipo usingizi uliponikataa. Kuku wanaolala pamoja na kula pamoja, mmoja ataga dagaa mwingine ataga yai? Nikadhani pengine yaliwekwa karibu na gunia la dagaa, harufu ikapenya kwenye vile vitundu. Lakini mbona meupe hayakupenya? Nikanunua mayai mawili ya kahawia kwa Honorata, yule mama wa Kalinzi anayeshuka na kahawa na mayai kuuza sokoni, nikayafukia kwenye debe langu la dagaa siku mbili. Shadia akaniambia, "Bibi, majirani watasema umeanza kutamia." Nikamwambia waache waseme, nikiangua nitawapa vifaranga.

Baada ya siku mbili ganda lilinuka. Ndani, kiini kilikuwa kisafi.

Basi Alhamisi asubuhi nikachukua mayai mawili ya ushahidi katika yale yaliyobaki ya Shadia, la kahawia na jeupe, nikayafunga kwenye kanga, nikaenda sokoni.

"Mwakeye, Honorata," nikamwamkia kwa Kiha.

"Mwakeye, bibi. Leo umeniletea mayai? Mimi ndiye ninayeuza!"

Nikampasulia la kahawia kwenye kikombe chake cha kahawa kilichokuwa tupu. Akanusa, akacheka mpaka akashika meza.

"Kuku huyu ni wa ziwani, bibi! Wa kwetu mlimani anakula mahindi na majani, hawezi kutaga hivi. Kile anachokula kuku ndicho anachokutilia ndani ya yai. Ukimpa mchicha na mahindi ya njano, kiini kinakuwa cha njano kama papai. Ukimpa pumba tupu, kinapauka. Huyu amepewa dagaa, tena si kidogo. Amelishwa kama mvuvi."

"Na mwenzake anayetaga meupe je? Wako banda moja."

"Aa, hilo hata mimi lilinisumbua mpaka bwana mifugo aliponieleza. Dagaa akishaliwa anaacha harufu mwilini. Kuku wengi miili yao inaiua hiyo harufu, inaisha. Wako wengine wachache wamezaliwa hawana uwezo huo, na mara nyingi ni hawa watagao mayai ya kahawia. Kwao harufu inapita moja kwa moja mpaka kwenye kiini. Si ugonjwa, na yai halina sumu. Kwenye chipsi mayai, na kitunguu na pilipili, hulisikii. Ila ulitie kwenye mkate mtamu..." Akapiga makofi. "Umeula mkate wa dagaa, bibi?"

"Nimeula."

"Pole. Mwambie mwenye kuku awaachishe dagaa wiki mbili tatu, yai litarudi kuwa yai."

Ijumaa baada ya swala Bi Hasna akaja. Safari hii alisindikizwa na Abdulatif, ambaye alisalimia, "Shikamoo bibi," akabaki amesimama mlangoni na viatu mkononi kama mtu asiyejua kama atakaa. Shadia hakuinua macho.

Sikutoa kahawa kwanza. Nilitoa beseni la maji na sahani mbili. Nikamwonyesha Bi Hasna mayai yalivyolala chini. Nikapasua la kahawia huku, jeupe huku, nikamsogezea puani. Mwanamke wa dagaa pua yake huwezi kuidanganya. Nikamweleza yote kama nilivyoelezwa, mwili unaoua harufu na mwili usioua, na nikaona uso wake unabadilika. Mdomo uliokuwa umekaza ukalegea, akavuta sahani karibu, akanusa mara tatu.

"Kumbe si bovu!"

"Changa kabisa."

"Banda moja?"

"Banda moja."

"Ajabu ya Mungu." Akalichokoa kiini kwa kidole. "Basi binti hana kosa. Mkono wake ni mzuri, ule mkate ulikuwa mwepesi kama pamba, nilitaka kuumeza nikashindwa." Kisha akaanza kucheka. "Lakini huyo mwenye kuku, Bi Ashura! Mtu gani anamwagia kuku dagaa kama anamwaga mchanga? Mjinga wa mwisho! Yeye hajawahi kulionja hata yai lake? Anawauzia watu miaka yote hii, hajui anachouza!"

Shadia akafunika uso kwa mtandio. Nilidhani analia tena. Mabega yalikuwa yanatikisika.

"Nitajie jina lake," Bi Hasna akaendelea, akifuta machozi ya kicheko. "Leo lazima nijibiwe. Nitakwenda mwenyewe nikamfundishe kazi. Hebu semeni, kuku ni wa nani?"

Nikamtazama Shadia, naye hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa ameangalia mlangoni. Bi Hasna akafuata macho yake, nami nikafuata ya Bi Hasna.

Abdulatif akaweka viatu chini, polepole, kimoja kando ya kingine.

"Ni kuku wako, mama," akasema. "Mayai nilimletea mimi."