Chembe ya Kobalti

Fundi alikuwa na binti mmoja tu, na tangu mtoto huyo alipojua kusema hakunyamaza tena, hata jina lake la shule likasahaulika, mtaa mzima ukamwita Chiriku. Sasa Chiriku alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu akisoma kemia. Maneno hayakuwa yamepungua, yalikuwa yamezidi ugumu tu.

Alasiri hiyo alirudi na kazi. Mhadhiri alikuwa amempa kila mwanafunzi metali moja, akaieleze mbele ya darasa inafanya nini mwilini. Wenzake walipata chuma na zinki. Yeye aliangukiwa na kobalti.

"Mama, acha kidogo unisikilize. Ukielewa wewe, wataelewa na wale."

"Haya, mwaga," alisema Fundi kutoka nyuma ya cherehani.

Alikuwa anamalizia pindo la sketi ya shule, na kwa kweli alishukuru kupata sababu ya kuutoa mguu kwenye pedali. Kwa miezi kadhaa sasa miguu haikuwa yake. Ilianza kwa nyayo kuchomachoma, kisha zikafa ganzi, ikafika mahali kabla ya kushona inambidi ainame atazame kama mguu umekanyaga pedali au umekanyaga hewa. Mishono ilikwenda kombo. Aliifumua wakati Chiriku yuko chuoni, asije akaona. Chai ya moto ilimuuma ulimini kama penye kidonda. Na wiki iliyopita alimshonea mteja blauzi yenye mikono miwili ya kushoto, wakacheka wote wawili, ila mteja ndiye aliyecheka kwa dhati. Fundi alijiambia ni uzee, ingawa hamsini alikuwa ameivuka juzi tu. Hakumwambia mtu. Alimjua mwanawe: angesikia mama anaumwa, angeacha masomo siku hiyo hiyo.

Chiriku alichokoa kifungo cha matundu manne kwenye kopo la vifungo.

"Chukulia hiki ni pete. Haya matundu ni nitrojeni nne. Kobalti inakaa hapa katikati, na zote nne zimeishika. Chini yake ipo nitrojeni ya tano."

"Na juu?"

"Juu ndiko kwenye utamu. Juu imeshikana na kaboni, moja kwa moja. Metali kushikana na kaboni hivyo ndani ya kiumbe hai ni nadra sana. Tulidhani mambo hayo ni ya viwandani na kwenye chupa za maabara, kumbe tunatembea nayo."

"Na hicho kitu kizima kina jina?"

"Vitamini B12. Mimea haiwezi kuitengeneza, wala wanyama, wala sisi. Bakteria tu. Sisi tunaipata kwenye nyama, mayai, maziwa."

"Na mtu akiikosa?" Fundi aliuliza kama wasikilizaji wanavyouliza, kumfurahisha msemaji.

Chiriku alitazama dari, akakariri. "Damu inapungua. Neva nazo zina ganda, kama waya wa umeme ulivyo na plastiki, na ganda lile linachakaa. Miguu inachomachoma, halafu inakufa ganzi. Ulimi unauma. Wengine wanasahausahau, watu wa nyumbani wanadhani ni uzee."

Fundi aliiweka sketi mezani.

"Hebu rudia hapo kwenye miguu."

"Sijaeleza vizuri?"

"Umeeleza vizuri mno. Njoo hapa, mwanangu."

Alivua ndala, akanyoosha mguu, akafumba macho. "Nifinye kidole. Chochote."

Nje mtu alipita akipiga kengele ya baiskeli. Fundi alingoja.

"Mbona hufinyi?"

Alipofumbua macho, Chiriku alikuwa amepiga magoti sakafuni, ukucha umezama kwenye kidole cha mama yake, na machozi yanamtiririka.

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu muhula uliopita."

"Na mimi niko humu humu ndani, nakusomea kobalti."

"Basi si umenisomea," alisema Fundi, akamfuta machozi kwa ncha ya sketi ya watu.

Asubuhi walikwenda hospitali. Daktari alimgonga magoti, akampima damu, na majibu yalipotoka akawaita wote wawili. Chakula cha Fundi hakikuwa na kosa, alisema; tumbo lake ndilo lililoacha kutengeneza protini inayoibeba vitamini ile, kwa hiyo ilikuwa inapita tu. Angechomwa sindano, mfululizo kwanza, kisha mara moja moja maisha yake yote. Alionya kwamba neva hupona polepole, na pengine si zote.

Dawa ndani ya bomba la sindano ilikuwa nyekundu iliyokolea. Fundi aliitazama kwa jicho la mtu wa vitambaa.

"Kobalti si ni buluu? Uzi wa rangi hiyo ninao, kibandikoni wameandika kobalti."

"Inategemea imeshikwa na nani," Chiriku alisema. Yeye mwenyewe alikuwa ameushika mkono wa mama yake, na hakuuachia mpaka sindano ilipotoka.

Darasani alieleza kobalti yake vizuri, mpaka alipofika kwenye miguu. Hapo alikwama katikati ya sentensi. Mhadhiri alimpa maji, akamngoja, naye akamaliza.

Jioni zilizofuata alimkanda mama yake nyayo kwa mafuta, akipanda kutoka vidoleni, akiuliza, "Hapa je?" Fundi alijibu kweli kila mara, hata pale ambapo kweli ilikuwa "bado." Kuficha kulikuwa kumemchosha kuliko ugonjwa wenyewe. Vidole viwili vya mwisho vya mguu wa kushoto havikurudi kamwe.

Lakini asubuhi moja Fundi aliteremka kitandani, akasimama pale pale kama amezuiwa.

"Mama, vipi?"

"Sakafu ina baridi," alisema.

Chiriku alivua ndala zake, akaja akasimama naye.