Nguzo ya Luberizi

Jumanne asubuhi, fundi kutoka Bujumbura alipomaliza kuweka programu mpya katika kompyuta za ofisi, Félicité alipangusa kioo kwa pindo la kitenge chake, akafungua maonyesho ya zamani ya slaidi. Yalikuwa yametengenezwa wakati wa vita vya pili vya Kongo na Donatien, katibu aliyemtangulia, na yalijaa grafiki za nguzo. Kila nguzo ilikuwa kijiji, na urefu wake ulikuwa watu waliokikimbia kijiji hicho wakaja kujibanza Uvira. Nguzo ya Luberizi ilizipita zote. Kankindi, mama mzazi wa Félicité, alikuwa mmoja wa waliohesabiwa humo.

Ulikuwa mwaka wa 2009. Vita vilikuwa vimetangazwa kwisha mara kadhaa, na watu walikuwa bado wanakimbia. Lakini Sévère, direkta wa shirika lao la misaada, alikuwa na wageni wanaokuja Alhamisi, na wageni walitaka kuona kwamba wakimbizi wamerudi makwao.

Programu mpya ilizionyesha grafiki za zamani, ila haikukubali ziguswe. Félicité alipobofya mara mbili, iliuliza kwa Kifaransa kama anataka zigeuzwe ziwe za toleo jipya. Alikubali. Nguzo zilitikisika kidogo, kama mtu anayejiweka sawa kwenye kiti, kisha zikatulia. Alishika kichwa cha nguzo ya Luberizi kwa kipanya, akaivuta chini hadi nusu.

Ofisi ilikuwa mtaa wa Songo, hapo Uvira, na dirisha lake lilitazama vibanda vya wakimbizi. Aliona watu wakitoka, mikeka kichwani, sufuria mkononi, wakishika njia ya kaskazini. Miongoni mwao alikuwa mzee Nkeshimana, fundi wa baiskeli wa ng'ambo ya barabara. Alikuwa ameacha baiskeli ya mteja miguu juu, gurudumu likizunguka lenyewe.

"Muzee, munaenda wapi?" Félicité aliuliza dirishani.

"Tunarudi Luberizi, binti yangu."

"Nani alisema murudi?"

"Hakuna muntu alisema. Ni miguu."

Aliitazama miguu yake kama mtu anavyomtazama mbuzi aliyekata kamba, akaaga, kwa sababu haikuwa inasimama.

Félicité akaketi, akairudisha nguzo ilipokuwa. Kabla ya adhuhuri watu walianza kurejea. Waliotangulia walikuwa wameshafika Kavimvira. Nkeshimana alikung'uta vumbi, akaendelea na gurudumu lake. Félicité alielewa mambo yalivyo, akaenda kumweleza direkta.

Sévère alimsikiliza mpaka mwisho huku akikoroga chai.

"Njo vizuri," alisema. "Nilikuwa najiuliza tutapata malori wapi."

"Lakini Directeur, manyumba yao iko na bantu ya bunduki. Na mashamba vilevile."

"Grafiki iko ya kurudi, Félicité. Haiko ya manyumba." Aliweka kijiko kwenye sahani. "Kama weye inakushinda, acha, nitaishusha minye mwenyewe mupaka zero."

Félicité alisema haimshindi. Alijua kwamba mkono wa Sévère ukiingia mle hautamwacha mtu.

Alishughulika na nguzo nyingine kwanza, akabadilisha rangi na maandishi, akachelewesha ya Luberizi hadi Jumatano mchana. Mwisho aliifungua, na mahali pa idadi akaandika moja. Alipokuwa akiandika alitaja jina la mama yake kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwombea mgonjwa. Nguzo ikashuka, ikabaki unywele uliolala juu ya mstari wa chini. Mtu asiyejua asingeuona.

Nje, Songo iliondoka. Haikuwa na kelele. Wanawake waliokuwa wanafua waliacha nguo kwenye beseni. Jiko moja lilibaki na maharagwe yanachemka, na Félicité akatoka kwenda kulizima.

Aliporudi nyumbani alimkuta Kankindi ameketi kizingitini, akiwatazama wa mwisho wakipotea kwenye kona.

"Juu ya nini minye nimebaki?" mama aliuliza.

"Nilikuacha, Mama. Mu grafiki."

"Na Capitoline? Haukumuona?"

Capitoline alikuwa jirani yao tangu Luberizi. Siku walipokimbia, mguu wa Kankindi ulikuwa umevimba, na Capitoline alimbeba mgongoni, akaitupa mizigo yake mwenyewe kwenye mpunga ili mgongo upate nafasi. Félicité alikuwa Bukavu shuleni wakati huo. Habari hiyo aliisikia kila Krismasi.

"Nilikuwa na nafasi ya muntu mumoja," alisema. "Hata hiyo niliiiba."

"Weka zero, mutoto yangu."

"Mama, nyumba yetu iko na bantu ya bunduki. Weye unajua."

"Na ya Capitoline iko na nani?"

Félicité aliketi kando yake kizingitini. Hakurudi ofisini kuweka sifuri, na mama yake hakumwomba tena. Kankindi aliingia ndani, akakunja mkeka, akafunga chumvi na sabuni kwenye kitambaa, akatoka. Félicité alimshika mkono hadi barabara kuu, kisha mama akautoa mkono wake taratibu. Wenzake walikwenda bila kuchoka, kwa kuwa miguu ndiyo iliyokuwa inawapeleka. Yeye alikwenda kwa nguvu zake. Alilala Kiliba kwenye veranda ya kanisa, akafika Luberizi mguu ukiwa umevimba tena.

Alhamisi wageni walikaa mbele ya ukuta mweupe, na nguzo zikatokea moja baada ya nyingine. Mmoja wao, mwanamke mwenye miwani, aliuliza ule mstari mwembamba kwenye Luberizi ni nini. Sévère alisema ni uchafu wa projekta. Akatoa leso akaipangusa lenzi, na mstari ukabaki, na hakuna aliyeuliza tena. Walipiga makofi. Kisha walikula chini ya hema uani, wakaondoka na nakala.

Ijumaa Félicité aliivuta nguzo juu hadi mahali ilipokuwa zamani, akasimama dirishani. Hakuna aliyekuja. Nakala waliyoondoka nayo wageni ndiyo iliyokuwa inafanya kazi sasa.

Jumapili baada ya misa alipanda pikipiki kwenda Luberizi. Aliwakuta wote kando ya barabara, kati ya lami na mpunga, kwa maana miguu iliwafikisha hapo ikakoma. Haikukubali kuingia majumbani, ambako moshi wa watu wengine ulikuwa unatoka, wala haikukubali kugeuka kurudi Uvira. Magari ya Bukavu yaliwapigia honi ili wasogee, wakasogea kadiri walivyoweza. Mashambani, wanaume ambao hawakupanda walikuwa wanavuna.

Kankindi peke yake aliweza kwenda na kurudi. Kwa hiyo aliwachotea maji. Félicité alimkuta anampa Capitoline kikombe, kisha Nkeshimana, na Félicité mwenyewe akachukua ndoo ya pili akamsaidia mama yake. Walipomaliza, walikaa juu ya mkeka.

"Twende nyumbani, Mama. Weye unaweza kugeuka."

"Na maji?" mama alisema.

Félicité akauweka mguu wa mama uliovimba mapajani pake. Alimkanda mguu kwa mafuta ya mawese aliyokuja nayo. Mpunga uliokatwa ulipitishwa mbele yao kwenye mikokoteni.

"Wageni walipokewa vizuri?" Kankindi aliuliza.

"Vizuri, Mama."

"Walikula nini?"

"Samaki, mikeke ya kukaanga. Na mchele."

"Mchele wa wapi?"

Félicité aliendelea kuukanda mguu.

"Wa huku, Mama. Wa Luberizi."

Kankindi aliitikia kwa kichwa. Aliuliza kama uliiva vizuri, na Félicité akasema uliiva vizuri, wageni waliongeza sahani. Mama akasema mchele wa uwanda huu haujawahi kumwaibisha mtu mbele ya wageni. Kisha akajiegemeza kwenye goti, akasimama, akachukua ndoo, kwa sababu upande wa pili wa barabara kulikuwa na watoto ambao bado hawajanywa.