Jumamosi Isiyopimwa

Usiku wa kuamkia Alhamisi niliota nimefika maabara nikawakuta kome wangu wote mia moja na ishirini wamepanga foleni mlangoni, kila mmoja na namba yake mgongoni. Wa kwanza kabisa alikuwa Namba 17, na alikuwa akinitazama kwa ukali ambao kiumbe asiye na macho hapaswi kuwa nao.

"Umechelewa dakika nne," akasema.

"Njiani kulikuwa na foleni," nikajibu.

"Unalala hosteli hapo ng'ambo ya ua."

Nikatoa ufunguo.

Msije mkanidhania mwehu, ngoja nieleze mambo yalivyokuwa nikiwa macho. Mimi ni Saumu, mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika kituo cha utafiti wa bahari, na kazi yangu kwa siku tisini ni kufuga kome. Anayefuga kuku husifiwa. Mimi nikisema nafuga kome, watu huniuliza wanataga lini. Kila siku nawabadilishia maji, napima chumvi na joto, nawalisha mwani mdogo uliokorogwa ukawa kama mlenda mwepesi, kisha natazama nani amekufa. Kome akiachama, unamgonga ganda kwa kalamu. Akijifunga, yu hai. Asipojifunga, unaandika namba yake na kumtoa haraka kabla hajawaharibia wenzake maji, maana la kuvunda halina ubani.

Nawapenda. Sijui ilianza lini, ila nawapenda. Namba 17 hukataa kukaa na wengine, hujifunga kwa nyuzi zake kwenye mpira wa pampu ya hewa, na kila Jumatatu namwondoa taratibu na kila Jumanne namkuta amerudi palepale.

Ukutani pale maabara, msimamizi wangu, Dk. Shemhilu, amebandika karatasi aliyoiandika kwa mkono wake: KISICHOANDIKWA HAKIKUTOKEA. Ni mama mpole, lakini mwaka jana alimrudisha mwenzetu mmoja aanze upya siku ya kwanza kwa sababu ya daftari lenye mapengo.

Na mimi nilikuwa na pengo. Jumamosi, siku ya sitini na tatu, ilikuwa harusi ya mdogo wangu Mwamini, huko kwetu Pongwe. Nilijiapiza kwamba jioni ningerudi kupima. Jioni ikanikuta na sahani mkononi. Kwa hiyo kwenye daftari la vipimo, safu ya joto la maji, Ijumaa ilisema 27.2, Jumapili ikasema 27.4, na katikati palikuwa peupe. Alhamisi saa tatu asubuhi Dk. Shemhilu angekuja kulikagua.

Hata mtoto angejua cha kuandika pale. Jumatano nzima niliiandika 27.3 kwa penseli, nikaifuta, nikaiandika, nikaifuta, mpaka karatasi ikaanza kukonda. Nikaenda kulala bila kuamua.

Basi, turudi mlangoni.

Nafungua. Kome wanaingia kwa utaratibu na kujitumbukiza kwenye tangi, mmoja mmoja, wakisema "samahani, samahani." Nachukua daftari. Mahali pa Jumamosi hapana karatasi tena. Pana tundu, na kutoka humo unakuja upepo wenye harufu ya sufuria kubwa lililooshwa bila kupikiwa.

Naingiza mkono kupima kina chake, na tayari nimesimama uani kwetu Pongwe.

Mwamini alikuwa anafagia. Amevaa kanga ya kazini, mikono haina hina hata tone.

"Dada Saumu," akasema, "eti mimi nimeolewa au sijaolewa?"

"Umeolewa. Jumamosi."

"Jumamosi ipi?"

Nikatazama pembeni. Nje ya ua alikuwa amesimama Hamadi, bwana harusi, na sanduku lake la nguo. Hamadi ana masikio makubwa, na siku hiyo yalikuwa yameinama. Aliniambia kwa adabu kwamba hawezi kuingia kwa sababu si mume, na hawezi kwenda kwao kwa sababu si mgeni, na kama nina kiti angeshukuru.

Nyuma yake walisimama majirani, kila mtu na bakuli. Mbele yao alikuwa Mjomba Seif, kaka yake mama.

"Nimeambiwa nirudishe pilau," akasema. "Inasemekana sikulila."

"Mjomba, ulikula sahani tatu. Nilikuona."

"Zimeandikwa wapi?"

Alikuwa na huzuni ya kweli, na punje moja ya mchele kidevuni. Akaketi kwenye ngazi na bakuli lake mapajani, akasinzia hapohapo huku ameachama. Mtu mmoja mrefu, mwembamba, aliyevaa kanzu, akapita akamgonga utosini kwa kalamu. Mjomba akafunga mdomo.

"Yu hai," yule mtu akasema. "Endeleeni."

Nikamtambua. Alikuwa kipimajoto changu. Wekundu wake ulionekana kifuani, umesimama kwenye ishirini na saba na kitu. Akaketi mezani, akafungua daftari langu, akakohoa.

"Shauri la Jumamosi," akasema. "Nani aliyeiona?"

"Wote tuliiona!" nikasema.

"Mimi sikuiona. Jumamosi sikuzamishwa popote. Nilikuwa kabatini natazama giza."

"Lakini Ijumaa ulisema nukta mbili, na Jumapili ukasema nukta nne. Mtu yeyote mwenye akili..."

"Mimi sina akili," akasema kipimajoto. "Nina kioo."

Mwamini akaweka fagio chini. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma. Akanishika kiwiko tu, kama alivyokuwa akinishika utotoni akitaka nimvushe barabara.

"Andika chochote, Dada. Niolewe."

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, sijui tangu lini. Nikaandika 27.3.

Jumamosi ikarudi papo hapo. Turubai likasimama, viti vikajipanga, watu wakavaa. Nilitaka kupiga vigelegele. Kisha nikaanza kuona.

Ilikuwa Jumamosi ya wastani. Hina ya Mwamini ilikuwa imepakwa mkono mmoja. Jua lilikuwa nusu. Pilau halikuwa la moto wala la baridi. Kipimajoto alichovya kidole akatangaza kwamba lina nyuzi ishirini na saba nukta tatu, kama ilivyoandikwa. Waimbaji walikuwa wakiimba noti moja ya katikati tangu mwanzo wa wimbo, na wageni walikuwa wakitikisa vichwa nusu, wakisema, "Si mbaya, si mbaya."

Na mahali pa bwana harusi aliketi mwanamume wa kimo cha kati, mwenye masikio ya kadiri.

"Unampenda mdogo wangu?" nikamuuliza.

"Kiasi," akasema.

"Utamtunza?"

"Kiasi."

Mwamini akanigeukia. Wanja wake ulikuwa jicho moja tu. "Dada," akanong'ona, "huyu si Hamadi."

Hamadi alikuwa bado amesimama nje ya ua, na sasa hata sanduku lake lilikuwa limeanza kufifia. Mjomba Seif, ambaye kinywa chake kilikuwa kimejaa pilau la vuguvugu, akasema kwa upole, "Njia ya mwongo fupi, mwanangu," akameza kwa shida.

Nikaona aibu. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto, na kipimajoto akageuka upande wangu akaandika kitu.

Hapo ndipo nikatambua nimeshika kikapu, nacho kikasogea. Namba 17 akatoka humo, akapanda juu ya meza na kuketi kati ya maua.

"Nimekaa kimya muda mrefu," akasema, "kwa sababu kome akifunguliwa kinywa bila idhini hufa. Leo najifungua mwenyewe."

Akajifungua. Ndani ganda lake lilikuwa jeupe lenye zambarau, na ukingoni palikuwa na mistari myembamba, mmoja kando ya mwingine.

"Unadhani wewe peke yako ndiye unayeandika?" akauliza. "Sisi nasi tunaandika kila siku. Hatuna daftari, kwa hiyo tunaandika kwenye nyumba. Hesabu kutoka ukingoni."

Nikahesabu. Alhamisi ilikuwa bado inakauka. Jumatano, Jumanne, Jumatatu, Jumapili. Halafu mstari mmoja mweusi kuliko yote, umepinda katikati.

"Jumamosi," akasema Namba 17. "Saa nane mchana, mvua. Umeme ukakatika. Pampu ikanyamaza dakika arobaini na saba. Tukajifunga wote mia moja na ishirini, tukashikana nyuzi, tukangoja. Namba 88 alilia. Namba 88 hulia kwa lolote, lakini siku hiyo alikuwa na haki."

"Nami sikuwepo," nikasema.

"Hukuwepo. Ulikuwa harusini. Harusi ni jambo la maana; hakuna kome anayekulaumu. Ila ile siku ni yetu, tuliishi sisi. Usiiandike kama vile hatukuogopa."

Kipimajoto akanisogezea daftari.

"Basi niandike nini?" nikauliza.

"Uliona nini?" akasema Namba 17.

Nikafikiri. Niliona saa nane mvua ikishuka kama ndoo iliyopinduliwa. Niliona turubai likijaa maji, likalegea, likawaangukia wapiga ngoma. Niliona wanja wa Mwamini ukimtiririka mpaka shingoni huku amejishika mbavu kwa kicheko. Na nilimwona Hamadi akivua koti lake jipya la harusi, akakimbia nalo kwenye mvua, watu wote tukidhani anakwenda kumfunika bibi harusi, akaenda kulifunika sufuria la pilau. Mwamini alisema hapo ndipo alipojua kwa hakika kwamba amepata mume.

Nikafuta ile 27.3. Nikaandika: *Sikupima. Nilikuwa kwenye harusi ya mdogo wangu. Mvua ilinyesha.*

Mvua ikaanza kunyesha kutoka kwenye karatasi.

Yule mwanamume wa kadiri akasimama, akasema "Samahani, nilikaa kidogo tu," akaondoka. Hamadi akaingia akikimbia, masikio yamesimama, koti tayari mkononi. Hina ikapanda mikono yote miwili. Turubai likaanguka kwa heshima zote, Mjomba Seif akapokea sahani ya nne, na kome mia moja na ishirini wakapiga vigelegele kwa kufungua na kufunga maganda, sauti kama wanawake wengi wanaopigisha vijiko. Namba 17 peke yake hakupiga. Alikuwa amekwisha kujifunga kwenye mpini wa kikapu changu.

Nikaamka nikicheka, mto umelowa jasho, jua limeshachungulia dirishani.

Sikunywa hata chai. Nilivuka ua nikiwa na kandambili, nikafungua maabara na kulitafuta daftari. Karatasi pale pa Jumamosi ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa karatasi. Nikachukua kalamu ya wino, nikaandika maneno yaleyale, kwa mwandiko mdogo ili yaenee. Siku sitini na nane si mchezo, na kuanza upya nilikuwa sina nguvu nako.

Saa tatu kamili Dk. Shemhilu akaingia pamoja na Kaka Mbaruku, fundi wetu wa maabara. Daktari akaketi na daftari. Akasoma ukurasa baada ya ukurasa, bila kunitazama, mpaka akafika pale. Akasogeza miwani.

"Saumu."

"Abee, Daktari."

"Hukumwachia mtu kazi?"

"Hapana, Daktari. Nilikosea. Nilidhani ningewahi kurudi."

"Siku nyingine mwachie Mbaruku." Akageuza ukurasa. "Na kwenye grafu uliache pengo lako wazi. Usije ukaniunganishia hapa kwa mstari."

"Sawa, Daktari."

"Na hao maharusi wameamkaje?"

"Wazima, Daktari. Mvua iliwanyeshea sana."

"Hiyo ni baraka," akasema, akaweka sahihi yake chini ya siku ya sitini na saba.

Nilikuwa nataka kumkumbatia, lakini si mtu wa kukumbatiwa asubuhi. Nikageukia tangi ili machozi yasionekane, nikaanza kugonga walioachama. Wote wakajifunga.

Nyuma ya kabati Kaka Mbaruku alikuwa amechuchumaa kwenye soketi, akiikodolea ile saa ndogo inayowasha na kuzima taa za tangi. Ni saa ya umeme. Umeme ukikatika, nayo husimama, kisha huendelea ilipoachia.

"Dada Saumu, mbona hii saa yako iko nyuma?" akauliza. "Ijumaa jioni niliiweka sawa kwa mkono wangu mwenyewe."

"Iko nyuma kwa kiasi gani?" nikauliza, na sauti yangu nikaisikia kama ya mtu mwingine.

Akaitazama saa ya mkononi, akaitazama ile ya soketini, akahesabu kwa midomo.

"Dakika arobaini na saba."

Namba 17 alikuwa kwenye mpira wa pampu, palepale pake, ameachama kidogo. Nikainua kalamu kumgonga, nikaona si adabu. Badala yake nikachukua daftari, na chini ya Jumamosi, pembezoni palipobaki nafasi, nikaongeza: *Tangu Ijumaa umeme ulikatika dakika 47.*

Saa ulipokatika nilikuwa naijua, ila nisingeweza kusema nimeijuaje. Nikafikiri kidogo, kisha nikaandika: *Saa nane mchana. Shahidi: Namba 17.*

Sikufuta.