Mita Mia Tano za Mwisho

Eliona Massawe alikuwa ameinama akimwaga jivu kwenye mstari wa kwanza wa uwanja alipoona buti za mvua zimesimama mbele ya ndoo yake. Jivu alilichukua kila Jumanne kwa jirani anayepika mbege, pombe ya ndizi. Mfuko wa chokaa ulikuwa umepanda bei mara mbili tangu Pasaka, na klabu iliacha kuununua. Aliinua macho. Mwenye buti alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, kanga begani, mfuko wa kitambaa mkononi, tope la njiani limempanda hadi magotini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye sungura?"

Eliona akacheka, maana hakuna aliyewahi kumwita hivyo hata kabla ya kumuuliza habari za asubuhi. Lakini ndiyo, alikuwa sungura. Wakimbiaji humwita hivyo yule anayetangulia mbele ya wenzake ili kuwavutia kasi, kisha anatoka njiani mbio zikiwa bado zinaendelea. Eliona alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na kazi hiyo ameifanya miaka sita. Katika mbio za mita elfu moja na mia tano alikuwa akimvuta mwenzake wa klabu, Tabitha Kimaro, kwa mita elfu moja, mizunguko miwili na nusu. Alipofika kwenye mti wa mgrevilia ulio mwisho wa kona aliingia kwenye nyasi, akashika kiuno, akabaki kumwangalia Tabitha akimalizia.

Mgeni alijitambulisha. Aliitwa Hilaria, mwalimu wa hisabati kutoka Bomang'ombe, yuko likizo. Hakutumwa na mtu yeyote. Mwaka jana aliangalia fainali ya mashindano ya kanda kwenye televisheni ya kaka yake, na alimwona binti wa Kilimanjaro aliyeingia na muda bora kuliko wote kumi na wawili akimaliza wa kumi na moja. Alikwenda kulala na hesabu hiyo ikamgomea. Imekuwa ikimgomea mwaka mzima.

"Nimeleta swali tu," alisema, akitoa daftari kwenye mfuko. "Ukishatoka pale kwenye mti, yeye anafanyaje?"

"Anaendelea, mama. Anamaliza."

"Na wewe umewahi kumaliza?"

Eliona alitazama ndoo yake ya jivu. Miaka sita, mashindano zaidi ya arobaini, na hakuwahi kuvuka mstari ambao yeye mwenyewe huuchora. "Hapana," akasema.

"Kwa hiyo hizo mita mia tano hujui zikoje."

"Sijui."

"Hata mimi sijui. Siku ukizijua, uje uniambie. Nimekuwa nikitaka kumuuliza mtu."

Eliona alimwahidi, kama mtu anavyomwahidi mgeni jambo ambalo haoni litatokeaje.

Tabitha alifika akikimbia kutoka Kibosho, ambako kila asubuhi alipeleka maziwa ya kwao kwenye kituo cha kukusanyia ndipo akashuka mazoezini. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mrefu, mcheshi. Alipoambiwa kwamba mama huyu amekuja kwa sababu ya ile fainali, ucheshi ukamwisha. Mwalimu Hilaria hakumpa pole wala kumlaumu. Alimfungulia daftari. Alikuwa ameandika fainali kumi na nne, mzunguko kwa mzunguko, kwa penseli. Katika nyingi, wanawake walianza polepole, kila mmoja akimtazama mwenzake, hakuna anayetaka kutangulia. Kisha mzunguko wa mwisho walikimbia kama nyumba inaungua.

"Fainali haina sungura," alisema. "Siku ile ulikuwa unafanya nini kule ndani?"

Tabitha alifikiri kidogo. "Nilikuwa natafuta mgongo," akasema. "Mgongo wa kufuata. Ilikuwepo kumi na moja, sikujua upi."

Hapo Eliona akasema jambo alilolijua miaka mingi. Alisema kwamba kila anapotoka pale mtini, miguu ya Tabitha hubadilika sauti. Huwa inapiga sawasawa kama mtu anayetwanga, kisha inapoteza mpigo, inaukuta tena baada ya hatua kama ishirini. Hakuwahi kusema kwa sababu hakuna aliyeuliza. Hiyo ilikuwa sababu moja. Ya pili hakuitaja. Kampuni ya ulinzi iliyodhamini klabu ilimwajiri kulinda geti la duka la vifaa vya ujenzi, zamu ya mchana, kwa sababu jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wakimbiaji ambayo katibu wa klabu, Eliudi, huipeleka kila mwezi. Kazi hiyo ilikuja na kadi ya bima, na kwa kadi hiyo mama yake kule Uru alipata dawa za presha. Sungura asiyehitajika hana sababu ya kuwa kwenye orodha.

Walijaribu kwa wiki tatu, Jumanne na Alhamisi, bila wa kuvuta. Siku nyingine Eliona aliendelea kutangulia kama kawaida, maana mwalimu mwenyewe alisema sungura si kosa, kosa ni kutojua njia bila yeye. Jaribio la kwanza Tabitha alikimbia mzunguko wa mwanzo kama anakimbiza basi. Wa tatu ulipofika, Gladys, mwanafunzi wa kidato cha tatu kutoka Mabogini, alimpita huku akisema, "Samahani dada." Jaribio la pili wote walisubiriana mpaka wakawa karibu kutembea, na mwalimu Hilaria akacheka hadi akakaa chini. La nne, Tabitha alizibwa ndani na wasichana wawili wa mbele. Badala ya kusukumana akapunguza, akazunguka kwa nje. Mwalimu aliandika jambo hilo na kulipigia mstari.

Lakini muda ulikuwa mbaya, na muda ndiyo lugha ya katibu Eliudi. Mzee huyo hakuwa mtu katili. Aliupima uwanja kwa kamba yake mwenyewe na kuwabembeleza wadhamini hadi miguu ikavimba. Alimwita mwalimu pembeni, wote wakasikia.

"Mwalimu, fomu ya kamati ina safu ya muda. Haina safu ya akili."

Akaeleza utaratibu. Mchujo ni Jumamosi. Kwenye mashindano ya kanda anakwenda mmoja. Mshindi akikimbia chini ya dakika nne na sekunde kumi na nne, nafasi ni yake. Asipofikia, nafasi inakwenda kwa mwenye muda huo kwenye karatasi mwaka huu. Na yupo msichana wa mkoa mwingine mwenye karatasi hiyo, aliyevutwa na sungura wawili kwenye uwanja mzuri. Tabitha aliumia kisigino mapema mwaka, hana karatasi.

"Na huko anakokwenda," mwalimu akauliza, "kutakuwa na sungura?"

"Huko si kwenye fomu," Eliudi akajibu.

Ijumaa mchana Tabitha alimkuta Eliona getini, ndani ya sare ya ulinzi, akikagua risiti za watu wanaotoka na nondo. Alimletea chupa ya maziwa mgando. Walikaa kwenye benchi la saruji. Tabitha alisema ameshaamua. Mchujo ndio mbio pekee za kweli kabla ya mashindano, wasichana wakali watakuwepo, na akivutwa tena atashinda kwa muda mzuri kisha akawe wa kumi na moja tena, mbali, kwa nauli ya watu.

"Ukikosa muda je?" Eliona akamuuliza.

"Nitakuwa nimekosa. Lakini niahidi dada, hutatangulia. Hata wakikuita. Nikiuona mgongo wako tu nitaufuata, sitaweza kujizuia. Nakujua mgongo wako kuliko uso wako."

Eliona alimrudishia mteja risiti, akamfungulia geti, akalifunga. "Sitatangulia," akasema.

Mchujo ulifanyika palepale kwenye uwanja wao wa Shirimatunda, kwa sababu uwanja wa mjini ulikuwa umekodiwa kwa sherehe. Wakubwa wa kamati walikaa chini ya turubai pamoja na meneja wa kampuni ya ulinzi, soda mezani. Mlima ulikuwa umejifunika mawingu. Eliona alikuwa ameamka mapema akachora mistari yote upya, na jivu lilikuwa bado halijakanyagwa.

Katibu Eliudi alimjia na namba mbili mkononi, moja imeshapata pini.

"Mita elfu moja kwa dakika mbili na sekunde arobaini na nane. Usipunguze."

"Katibu, Tabitha amesema leo hataki kuvutwa. Nimemwahidi."

Eliudi alitazama turubai, kisha akamtazama yeye. Alishusha sauti. Alisema meneja amekuja kuangalia kama pesa zake zinaleta tiketi, na Jumatatu orodha inakwenda. Kama Eliona hataki, Gladys ameshavaa bukta, namba ya pili ni yake, atavuta hata kama atatapika.

Eliona alimwona Gladys pale, mwembamba, akijikunja na kujikunjua kwa woga. Akikataa, mgongo utakuwepo tu, ila utakuwa wa mtu mwingine. Akanyoosha mkono, akachukua namba.

"Umefanya vizuri," Eliudi akasema, akamrudisha Gladys kukaa.

Walipojipanga, Tabitha aliiona ile namba kifuani kwa Eliona. Aligeuka, akatazama mstari.

Filimbi ilipolia, miguu ya Eliona ilitaka kwenda. Ilikuwa imezoea kuondoka kabla ya akili. Aliizuia kama mtu anavyomzuia ng'ombe mlangoni, akasubiri wasichana wote tisa wapite, akaingia nyuma ya wa mwisho. Tabitha aligeuza kichwa kushoto, kisha kulia. Hakumwona popote. Alitazama mbele.

Ilitokea kama ilivyoandikwa kwenye daftari. Hakuna aliyetaka kutangulia. Mzunguko wa kwanza sekunde sabini na saba. Eliudi alikuwa akikimbia pembeni na kofia mkononi, akimwita Eliona kwa jina la ubatizo na la ukoo. Eliona alisikia viatu, pumzi, mtu akilalamika kukanyagwa. Hakuwahi kujua kwamba nyuma kuna kelele namna hii. Mbele ambako ameishi miaka sita kulikuwa kimya.

Mzunguko wa pili, Tabitha alikuwa wa tano, amebanwa ndani. Wa tatu walipoingia nusu yake, mgrevilia ukatokea mwisho wa kona, na mguu wa kulia wa Eliona ukaanza kwenda kwenye nyasi wenyewe. Eliudi alikuwa amesimama hapo hapo chini ya mti. Hakuwa na hasira tena usoni.

"Toka, Eliona," alisema, karibu kwa kubembeleza. "Toka hapa, niandike umeumia msuli. Nitawaambia ndiyo maana hukuvuta. Toka."

Ilikuwa kweli. Akitoka, Jumatatu jina lake litabaki, na kadi ya mama yake itabaki. Alichomwahidi Tabitha alikuwa ameshakitimiza. Kilichobaki ni neno moja alilomwambia mgeni mwenye buti, asubuhi moja, juu ya ndoo ya jivu, ambalo hakuna mtu angemdai. Akivuka mstari kwa miguu mizima, hakuna atakayeamini msuli.

Nyasi zilikuwa hatua moja kulia kwake. Aliupita mti.

Mita mia moja baadaye kengele ikapigwa, ile rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye nguzo ya goli. Alikuwa ameisikia mara nyingi akiwa ameshika kiuno. Sasa ilimlilia sikioni, na kifua kikajaa kitu kilichofanana na hofu ya mtihani. Wote wa mbele waliondoka kama mtu mmoja. Kwa mbali alimwona Tabitha akipunguza kidogo, akitoka nje, akipata njia wazi. Hakuwa akitafuta mgongo wa mtu. Alisubiri hadi kona ya mwisho, kisha akaenda, na watu wa Kibosho waliokuwa kwenye ukingo wa barabara walipiga vigelegele kabla hajafika.

Eliona alikuwa bado na mita hamsini alipomsikia mtangazaji. Kimaro wa kwanza. Mzunguko wa mwisho, sekunde sitini, jambo ambalo Tabitha hakuwahi kulifanya maishani mwake. Muda wote, dakika nne, sekunde ishirini na tatu. Kisha sauti ya karani, kavu, ikisoma kwa ajili ya fomu: hakufikia.

Alivuka mstari wa mwisho, peke yake, jivu likimrukia kwenye soksi.

Tabitha alikuwa amepiga magoti, analia na kucheka, na aliyekuwa wa tatu, yule wa mkoa mwingine mwenye karatasi, alikuwa akipeana mikono na wakubwa chini ya turubai kwa aibu kidogo. Tabitha aliinuka, akamkumbatia Eliona kwa nguvu, jasho kwa jasho. "Umeona nilivyotoka nje?" akauliza. "Dada, umeona?" Eliona akamwambia ameona.

Eliudi alikuja polepole. Alinyoosha mkono bila kumtazama. Eliona akafungua pini, akampa namba. Mzee aliikunja mara mbili, akatoa kalamu mfukoni, akafungua orodha, na akakaa na kalamu hiyo hewani muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akalikata jina lake kwa mstari.

Mwalimu Hilaria alikuwa amekaa kwenye nyasi kando ya mstari, buti zake zimenyooshwa mbele, daftari magotini. Eliona alikwenda akajitupa pembeni yake. Ilimchukua muda kupata pumzi.

"Nimekuja kukuambia," akasema.

"Sema, mwanangu."

"Mpaka kwenye mti, mtu anahesabu. Baada ya mti hakuna cha kuhesabu. Unasikiliza." Akafuta jivu kwenye soksi kwa kiganja. "Na kengele, mama, ukiwa ndani inalia tofauti."

Mwalimu alilamba ncha ya penseli. "Tofauti vipi?" akauliza, na Eliona akaanza kumweleza.