Jiko la Mpagazi

Kampuni ya kupandisha wageni mlimani ilirudisha shanta la mpagazi Jumatatu asubuhi, pamoja na barua ya mistari minne. Barua ilisema mpagazi alitoroka kazini, akatelekeza mizigo njiani, na kwa hiyo kampuni haihusiki naye tena. Mkewe, fundi cherehani, aliisoma mara mbili akiwa na pini mdomoni, akaikunja, kisha akamalizia kwanza pindo la sketi ya mteja.

Ndani ya shanta mlikuwa na soksi, kofia ya sufu na jiko dogo la kukunja. Wenzake walimwita mpagazi Kobe, kwa vile alitembea na nyumba mgongoni, na hilo ndilo lililokuwa jiko la nyumba hiyo: vipande vitano vya bati vilivyopachikana kwa ndoano, vyepesi kuliko bakuli. Lilikubali spiriti, lilikubali vidonge vya kuwashia, na mbele lilikuwa na mdomo wa kulishia vijiti.

Siku ya kwanza fundi alichemsha chai kwa spiriti. Maji yalichemka upesi, basi. Siku ya pili spiriti iliisha, akaokota vijiti vikavu uani, akavivunja urefu wa kidole, akalilisha jiko kimoja kimoja. Maji yalipoanza kuimba, mumewe aliingia, akachutama kuota moto. Nyusi zake zilikuwa na barafu.

"Umechelewa," mkewe alisema.

"Nilikuwa nangoja. Waliniambia nibaki na mizigo, watanirudia."

Alieleza yote bila kupandisha sauti. Mgeni mmoja alivunjika mguu, wapagazi wote wakahitajika kumteremsha, naye kiongozi wa msafara akamwagiza alinde mizigo mpaka kesho yake. Kesho yake hakuja mtu. Wahenga walisema ngojangoja huumiza matumbo. Yeye ilimmaliza mwili mzima.

"Na mizigo je?"

"Mizigo waliifuata siku ya tatu. Haikupungua hata kamba."

Fundi alimmiminia chai. Vijiti vilipoisha mumewe aliondoka, na chai ikabaki imeganda kikombeni.

Jumatano fundi alilibeba jiko mpaka ofisi ya kampuni, akaliweka barazani juu ya tofali, akawasha vijiti. Mumewe alipofika waliingia pamoja kwa karani. Karani alimtambua Kobe, akamsalimu, akamuuliza habari za siku nyingi. Kisha alifungua faili, akaeleza kwa upole kwamba imeandikwa alitoroka, na maelezo ya marehemu hayapokelewi bila sahihi ya kiongozi wa msafara. Kiongozi mwenyewe alikuwa chumba cha pili. Alichungulia, akaona, akafunga mlango.

Kobe alitaka warudi nyumbani. Maisha yake yote alikuwa mtu wa yaishe.

"Wewe umeshangoja vya kutosha," mkewe alimwambia. "Sasa zamu yao."

Tangu hapo alikuja kila asubuhi na cherehani yake ya mkono, akashona nguo za watu huku akilisha moto. Meneja alibandika tangazo: barazani kuni marufuku, spiriti ruksa. Fundi alilisoma lote, akahamia hatua mbili mbele, ukingoni mwa barabara, na vijiti vyake. Wageni waliokuja kujiandikisha waliuliza yule mwenye barafu usoni ni nani, naye aliwaambia. Wachache waligeuza njia. Wengi waliingia, wakajiandikisha.

Mwezi wa tatu tangu aanze kuja, meneja alitoka mwenyewe.

"Mama, utamaliza lini?"

"Ukiirekebisha barua."

"Barua haiwezi kurekebishwa."

"Basi umeshajijibu, mwanangu."

Meneja alirudi ndani. Asubuhi ileile, moto ulipokolea, alikuja mpagazi mwingine ambaye fundi hakumjua, na nyuma yake wa tatu, kamba ikiwa bado begani. Walisimama pembeni kwa adabu, wakasema nao waliambiwa wangoje. Karani alitafuta mafaili yao, akayapata bila taabu. Yote mawili yalisema walitoroka.

Jiko lilikuwa dogo, halikutengenezwa kuotwa na watu watatu. Fundi alimwambia mumewe asogee, akavunja vijiti vingine, akachochea.