Vivuli vya Mikorosho ya Mama Marko

Jumamosi ya pili ya Oktoba, mwaka sabini na nne, Ambakisye aliondoka Masasi na mkewe Bertila na binti yao Ida, mwenye miaka tisa, kwa Kombi waliyoazimwa na mwalimu Nikolao. Mwalimu alikuwa ameng'oa viti vya nyuma, akaweka godoro na kutundika mapazia ya kitenge. Ambakisye alikuwa afisa wa kuhamishia watu vijijini, na hiyo ilikuwa likizo yake ya kwanza tangu malori yaanze kazi. Chiwata walikula mihogo ya kuchoma. Newala walilala ndani ya gari, wakaamka wakaliona bonde zima la Ruvuma limejaa ukungu, na ng'ambo yake Msumbiji, ambako redio ilisema vita vimekwisha. Bertila alisema hajafurahi hivyo tangu aolewe. Maji ya kunawa yalikuwa kikombe kimoja kwa watu watatu.

Jumapili adhuhuri waliingia katika mahame fulani huko nyuma ya Makote. Wenyeji wake walikuwa wamehamishwa mwezi Juni kwa sababu mbili: ujamaa, na mabomu ya Wareno. Nyumba zilikuwa zimeezuliwa. Mikorosho ilibaki, nayo ilikuwa imezaa kupita kiasi, mabibo yanaanguka na hakuna wa kuyaokota. Bertila alitandika mkeka chini ya mkorosho mkubwa kuliko yote. Jua likampiga utosini. Akauhamisha mkeka upande wa pili wa shina, kisha wa tatu, na kote jua lilikuwa lilelile. Mti ulikuwa na majani tele ila hauna kivuli.

"Vivuli vimehama na wenyewe," Ambakisye alimweleza mkewe, kwa sauti ya mtu anayeijua kazi yake. Wakaenda kukaa ubavuni mwa Kombi.

Walichemsha ming'oko, mizizi ya porini waliyonunua sokoni Newala. Ida aliokota korosho, akazikaanga juu ya kipande cha bati mpaka mafuta ya maganda yakawaka, wakacheka. Nyasi chini ya mikorosho zilikuwa zimefika kiunoni, maana jua lilizipata lilivyotaka, na sasa zilikuwa zimekauka. Walipomaliza, Ambakisye aliufukia moto kwa jivu akitumia kiatu. Kwao Tukuyu, ambako mvua haijui likizo, moto uliofukiwa hivyo hufa wenyewe. Hakuwahi kumwona mtu akimwagia moto maji, na wala maji ya kumwaga hawakuwa nayo.

Kijiji kipya cha wenyeji hao, walikofika alasiri, kilikuwa maili nane kutoka hapo, kando ya barabara kuu, kwenye uwanda usio na mti hata mmoja. Vivuli vya mikorosho vilikuwa vimelala chini mbele ya nyumba, duara kwa duara, na watu wamekaa ndani yake wakipukuchua mbaazi. Katika taarifa yake ya Agosti Ambakisye alikuwa ameandika: kivuli kipo cha kutosha.

Aliyewakaribisha alikuwa Dominika, mjane wa makamo, ambaye wote walimwita Mama Marko.

"Shikamoo, Mama Marko."

"Marahaba, Baba Ida. Karibuni kivulini."

Alikuwa na mikorosho kumi na minne kule mahameni, na hakuwa na kitu kingine duniani. Mara tatu alikuwa ameomba kibali cha kwenda kufyeka nyasi kabla moto wa kiangazi haujapita. Bila kibali chenye mhuri mgambo wa kizuizi cha barabarani hawakumruhusu mtu kupita, kwa kuwa waliokwenda kuangalia miti yao walikuwa hawarudi. Amri hiyo aliiandika Ambakisye mwenyewe. Mara zote tatu alimjibu kwa upole kwamba ombi linashughulikiwa.

Mama Marko aliwapakulia ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga. Bertila alikuwa akiulizia namna ya kukitwanga wakati tundu la jua lilipotokea katikati ya kivuli, upana wa sahani. Likafuata la pili, karibu na mguu wa Ida. Mama Marko alitazama juu, mahali ambapo mti ungekuwepo, kisha akatazama upande wa Makote.

"Inaungua," alisema.

"Baba," Ida aliuliza, "ule moto wetu tuliuzima?"

Ambakisye alisema aliufukia.

Mama Marko hakuuliza moto gani. Alinawa mkono taratibu. "Baba Ida, naomba kile kibali sasa hivi. Mkinifikisha kwa gari, michache nitaiwahi."

Ambakisye alieleza kwamba mhuri uko Masasi, kwenye droo. Bertila alimwambia mumewe wamchukue tu mama wa watu, mhuri wa nini. Akajibu kwamba wanakijiji wote wanatazama, na akimvusha mmoja bila kibali, kesho watataka kuvuka wote. Aliona haya, haya ya kweli. Hakuinuka.

"Kesho nikifungua ofisi nitaanza na lako," alisema.

"Ahsante."

Kivuli kiliendelea kutoboka. Mama Marko aliuhamishia mkeka wa wageni kwenye kivuli cha jirani yake Anselmo, maana mgeni halishwi juani, akawasihi wamalize chakula. Kisha akarudi kukaa mahali pake. Hadi Kombi inawashwa, jua lilikuwa limemfunika mzima, naye bado alikuwa akipukuchua mbaazi.

Kibali kilifika Alhamisi, mhuri umekolea vizuri. Kilimruhusu Dominika, mjane, kwenda mahameni siku moja, kufyeka nyasi chini ya mikorosho yake kumi na minne, na kurudi kabla ya jua kuzama.