Alama kwenye Kumbukumbu za Muema

"Mama Mueni, ukienda kumwona mzee wako kule Ruiru, huwa unambebea chakula?" Farhiya, jirani yake wa Kamenu, alimuuliza siku moja wakianika nguo.

"Aah, hali. Anataka tu kuambiwa nyanya ni pesa ngapi siku hizi," Naliaka akajibu, akaendelea kukamua shuka.

Muema, mumewe Naliaka, alikuwa fundi wa stima. Stima ilimuua ndani ya jumba la kompyuta, na tangu hapo akawa anakaa kwenye kumbukumbu ya mashine moja karibu na dirisha. Kila Jumapili Naliaka alitoka kanisani Thika, akashuka Ruiru, akajiandikisha langoni kama mgeni yeyote. Sauti ya mumewe ilitoka pamoja na ule upepo wa moto wa mashine. Walisali, wakasengenya kidogo, kisha Muema akasimulia tena vile Nzau, meneja wake na mzee wa kanisa lao, alivyomwambia atie mkono bila kuzima stima, maana wateja hawangengoja.

Sasa mkaguzi wa serikali alikuwa aje Jumanne kumhoji Muema mwenyewe kuhusu kifo chake.

Jumatatu mashine ilikuwa ibadilishwe kiini, ile programu inayoongoza nyingine zote.

"Hatuzimi kitu," Kyalo, fundi wa kompyuta, alimweleza Naliaka. "Ni kama kubadilisha mpishi sufuria ikiwa motoni. Kumbukumbu zenye alama, kiini kipya kinazipokea vile zilivyo."

"Na zisizo na alama?"

"Hizo kinaona ni nafasi tupu, mama. Kinaandika juu yake."

Nzau akamshika Naliaka mkono. "Usihangaike, dada. Mzee wetu tutamvusha." Alama zikawekwa kwa amri ya Nzau.

Jumanne, Muema alikuwepo. Alikumbuka harusi yao Ngoingwa na mvua iliyoangusha hema. Aliimba besi bila kukosea. Naliaka akamshukuru Mungu kimoyomoyo.

"Nani alikuambia uingie kama stima haijazimwa?" mkaguzi akauliza.

"Nani aniambie? Niliingia tu. Nilikuwa na haraka zangu."

"Baba Mueni," Naliaka akasema, "si ni Nzau? Umeniambia kila Jumapili."

"Nzau? Wacha hiyo, mke wangu. Si ndiye alininunulia jeneza?"

Mkaguzi akaandika kwamba ni uzembe wa marehemu, akafunga kalamu. Naliaka akamtazama Kyalo. Kyalo akatazama sakafu.

"Niliwekea alama zile nilizoambiwa na meneja, mama."

Nzau akapangusa miwani. "Mungu ni mwema," akasema.

"Kila wakati!" Muema akaitikia kutoka kwenye mashine, kwa furaha, kama walivyozoea kanisani.

"Na kila wakati?" Nzau akauliza, akimgeukia Naliaka, akingoja amalizie.

Naliaka akachukua mkoba wake, akatoka.